Mwalimu Aliyekataza Neno "Mti"

Neno la kwanza alilotukataza Mwalimu lilikuwa "mti".

Alisema hakuna kitu kama hicho. Kuna mtumbati, kuna mkongo, kuna mpingo, kuna myombo, na kama hujui unatazama upi basi funga mdomo mpaka ujue. "Mti" ni neno la mtu anayepita, alisema, na sisi hatukuwa watu wa kupita. Neno "ndege" nalo alilikataza. Mtu akisema, "Mwalimu, ndege yule," yeye alikinga macho kwa mkono akatafuta mbinguni kama anayetafuta eropleni, kisha akasema, "Sioni kitu." Adhabu ilikuwa moja tu: kurudi mwanzo. Mwanzo ulikuwa msolo mkubwa wa matawi mapana uliosimama pale njia ya pori ilipoachana na barabara ya kwenda Ruangwa. Uliyekosea ulirudi peke yako, ukaugusa ule msolo, ukaanza kutembea upya huku ukitaja kwa sauti kila ulichokipita, mpaka ukatukuta tulipokungoja.

Mimi sikurudishwa mara nyingi. Si kwamba nilijua. Sikufungua mdomo, basi.

Nilikuwa fundi cherehani pale Nachingwea, na bado ni fundi. Kushona nilijifunza mwenyewe kwa kufumua nguo za watu na kuzishona tena. Kusoma nilijifunza kwa magazeti yaliyofungiwa vitambaa. Mtu aliyejifunza hivyo huishi na hofu kwamba kuna ukurasa ambao wenzake wote waliusoma na yeye hakuuona. Hata haya ninayoandika nimeyafumua mara nyingi, na bado naona mahali yanapovuta.

Mwalimu alifundisha watoto wa shule ya mjini somo la wanyama na mimea. Alizaliwa wapi na nani, sikupata kumwuliza. Jumamosi mchana, akimaliza ya shule, alitufundisha sisi watu wazima tuliojitolea. Hakutulipa wala hatukumlipa. Wengi walikuja siku ya kwanza kwa kudhani kuna kazi, na waliposikia hakuna kazi walikwenda zao. Tulibaki watatu. Binti Saidi alikuwa mjane wa kijiji cha Lionja, mkulima wa mihogo, mwenye ulimi ambao Mwalimu mwenyewe aliuogopa. Kosmas alikuwa seremala wa misheni. Wa tatu mimi. Watu wa mtaani walituita wahesabu majani. "Leo mmepata mangapi?" walituuliza tukirudi na vumbi miguuni. Binti Saidi aliwajibu, "Yote. Limebaki jani la kwako, nalo limekauka."

Mwalimu alituita mashahidi. Alitaka kila mmoja wetu, akishaiva, awe anawachukua watu wa kwao na kuwaingiza porini, awaonyeshe na kuwatajia, ili watoto wakue wakijua na mtu anayechoma pori apate shamba ajue anachoma nini. "Sitaki mlizuie pori lisikatwe," alisema. "Hamna nguvu hizo. Nataka likikatwa pawe na mtu anayejua kilichokuwapo." Nilipoyasikia mara ya kwanza niliyaona maneno mazuri. Sasa siyapendi.

Alivaa viatu vya ngozi porini, vyeusi, vilivyolia kila hatua. Binti Saidi hakumwacha. "Mwalimu, vua hivyo viatu. Wanyama wote mpaka Mkotokuyana wameshapata habari kwamba tunakuja."

"Mnyama anayekimbia kiatu ana akili," Mwalimu alijibu. "Tazama mgongo wake. Mjue kwa mgongo."

Na kweli tulijifunza migongo. Mpaka leo nikiona paa anapotea kichakani namjua kwa namna anavyoondoka.

Alikuwa anamwogopa kinyonga. Nalisema hili bila kumdhihaki, maana mimi naogopa mengi zaidi. Siku moja Kosmas aliinua tawi lenye kinyonga akalisogeza karibu ili tuone macho yake yanavyozunguka, kila moja upande wake. Mwalimu alirudi nyuma huku akiendelea kufundisha. "Huyo hana sumu. Hana meno ya kumdhuru mtu. Kosmas, mweke mbali. Mbali zaidi. Nimesema mbali."

"Si umesema hana sumu?" Binti Saidi akauliza.

"Nimesema hana sumu. Sikusema hana sura."

Uyoga aliujua wote, wa kula na wa kuua, na hakupata kuutia mdomoni. Binti Saidi alipowasha moto tukachoma uliokuwa mzuri, Mwalimu alitoa mfukoni biskuti za dukani akala akitutazama kama watu wanaojaribu bahati. Asali pia hakula. Alitufundisha kumfuata mlembe, yule anayemwita mtu na kumpeleka kwenye mzinga, na tulipoufikia yeye alikaa kando anafuta viatu. Shuleni aliwachapa watoto viganja kwa kukosea jina la jani. Niliwahi kupita dirishani nikamwona. Sisi hakutugusa, wala hakutupandishia sauti. Nadhani watoto aliwaamrisha, na sisi alikuwa anatuomba.

Sifa hakuwa nazo za kutoa. Ukifanya vibaya alinyamaza. Ukifanya vizuri sana alisema, "Haya." Hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, na tulilitafuta kama watoto.

Mtihani wake ulikuwa hivi. Unaleta watu wa kwenu, wowote, unawaongoza kutoka kwenye msolo hadi kijitoni, na Mwalimu anafuata nyuma bila kusema neno. Watu wanauliza, wewe unajibu. Alikuwa anangojea usikie swali usilolijua. "Anayefika kijitoni bila kusema 'sijui' hata mara moja," alituambia, "huyo amedanganya mahali." Kosmas alipita. Binti Saidi alileta wanawake wa Lionja, na mmoja akamwuliza juu ya kidege kidogo chenye kifua cha rangi ya udongo. Binti Saidi akakitazama, akasema, "Huyu simjui mimi. Ila huja mvua zikikaribia." Nyuma kule Mwalimu akasema, "Haya." Siku nyingi baadaye Binti Saidi alikuwa bado analisimulia gulioni kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Mimi nilisema Jumamosi ijayo.

Nikasema tena, na tena. Kulikuwa na nyasi za upande wa kijito ambazo sikuwa nazijua vizuri, kulikuwa na miombo miwili niliyoichanganya magome. Nilitaka kwanza nijue yote. Usiku nililala nikitembea ile njia kichwani, na kila nilipokwama niliketi kitandani nikaanza tena kwenye msolo.

"Fundi," Mwalimu aliniambia, "wewe ukijishonea kanzu utaivaa lini?"

"Kuna nyasi sijazijua, Mwalimu."

"Utasema hujui."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya nani tena? Mbele ya nyasi?"

"Siwezi, Mwalimu. Watasema fundi hajui, na anajifanya kufundisha."

"Basi hujawa tayari," akasema, na akatangulia, viatu vinalia. Sikuwa tayari, lakini si kwa sababu ya nyasi. Yeye alilijua hilo mapema, na mimi nimelijua sasa.

Wakati huo wazungu wa karanga walikuwa wameshafika. Kwa asiyekuwapo: walikuja kulifyeka pori la Nachingwea ili wapate mashamba makubwa ya karanga. Palikuwa na mahema, kisha nyumba za bati, kisha reli. Matrekta mawili yalikwenda sambamba yakiburuta mnyororo mzito kati yao, na kila kilichosimama katikati kililala. Tulizoea kusikia mngurumo kutoka mbali, siku nyingine upande huu, siku nyingine upande ule.

Mwalimu akaacha shule akaenda kambini kuwa mkalimani. Alikuja Jumamosi ile kama kawaida, viatu vimepigwa rangi. Binti Saidi hakumwamkia.

"Umekwenda kwa wanaokata," alimwambia.

"Nimekwenda kwa wanaoamua."

"Na wewe unaamua nini pale?"

"Siamui. Nasikia kabla yenu."

"Na ukishasikia?"

Siku ile aliinama akafunga upya kamba za viatu. Jumamosi nyingine alikuja na jibu. Alikuja kwa mwendo wa kutaka kukimbia, na sijapata kumwona hivyo tena. Mzungu wa kupima ardhi, ambaye Mwalimu alimtafsiria kila siku, alikuwa amekubali. Njia yetu, kutoka kwenye msolo hadi kijitoni, ingeachwa. Mistari ya mashamba ingepita huku na huku. Tulichotakiwa ni kuweka alama kwenye ile mikubwa tunayotaka ibaki.

"Alama gani?" Kosmas akauliza.

"Alama tu. Hakusema gani."

Kosmas akasema atatoa shoka, achonge gome kidogo kwenye kila mmoja. Binti Saidi akamgeukia. "Unamlinda mtu kwa kumkata?"

Hapo Mwalimu akatazama msolo. Sisi sote tukatazama. Kwenye matawi yake ya chini palikuwa na vitambaa vyeupe, vingine vipya, vingine vimekuwa nyuzi, na pale shinani palikuwa na unga uliomwagwa na watu waliokuja kuomba mvua au kumwombea mgonjwa. Waislamu walikuja, na Wakristo walikuja kwa kujificha kidogo. Hakuna mtu wa kwetu, mkubwa kwa mdogo, aliyethubutu kuvunja hata kijiti cha kuni mahali palipofungwa kitambaa cheupe. Hata Kosmas, ambaye padri alikuwa amemkanya, aliuzunguka kwa mbali.

"Kitambaa," Mwalimu akasema. Tukaona hakuna alama iliyo wazi kuliko hiyo.

Vitambaa nilishona mimi. Nilinunua amerikani nyeupe, nikaikata vipande virefu, na kila kipande nikakipiga pindo pande zote nne ili upepo usikifumue. Mwalimu alikuja kibarazani akanikuta katika kazi hiyo.

"Nani atatazama pindo porini?"

"Mimi, Mwalimu."

Alicheka. Tulifunga siku nzima, kuanzia kwenye msolo. Mwalimu alisimama mbele ya kila mmoja akataja jina, nasi tukafunga. Sikutaka vikae ovyo. Nilivifunga vyote kwa kimo kimoja, vikitazama upande mmoja, hivi kwamba ukisimama kwenye msolo uliviona vinakwenda vimenyooka mpaka bondeni. Tulipofika kijitoni Mwalimu aliniambia, "Fundi, sasa Jumamosi ijayo zimekwisha. Utaleta watu wako. Sitaki kusikia nyasi." Nikasema ndiyo. Niliogopa, lakini nilisema ndiyo, na wiki ile niliwaalika majirani.

Katikati ya wiki mngurumo ulisikika upande wa barabara ya Ruangwa. Nilifikiri ni mashamba ya huku na huku.

Jumamosi majirani zangu walikuja, wachache, wamevaa vizuri. Tulipofika pale njia ilipoanzia hapakuwa na njia. Msolo ulikuwa umelala, mizizi juu, na vile vitambaa vya wazee vilikuwa udongoni pamoja na kile changu. Nyuma yake kila kitu kilikuwa kimelala kuelekea upande mmoja, mpaka bondeni. Tulisimama. Jirani yangu mmoja, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alisema, "Sasa fundi, utatuonyesha nini?"

Kosmas alikaa chini. Binti Saidi alianza kuokota vile vitambaa vya wazee, akavitia kwenye kanga yake, kimoja kimoja. Mwalimu hakuwa amekuja bado. Alipokuja tulisikia viatu kwa mbali, kisha hatukuvisikia tena, na tulipogeuka alikuwa amesimama kule barabarani. Hakutufikia. Alirudi alikotoka.

Tulidhani yule mzungu alidanganya. Tuliishi na dhana hiyo kwa majuma kadhaa, na ilikuwa afadhali.

Kisha siku moja dereva wa trekta, mtu wa bara aliyeletwa na kazi, alikuja kibarazani kwangu na suruali iliyochanika goti. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi langu. Siku hizo alikuja, akakaa, akanitazama nikishona. Dereva alikiona kipande cha amerikani kilichobaki, akakishika pindo.

"Kumbe ni wewe!" akasema. "Vile vitambaa vya barabara ya Ruangwa, ni wewe uliyeshona?"

Nikasema ni mimi.

"Ndugu yangu, ile ilikuwa kazi. Wapimaji wa kambini huwa wanafunga matambara, upepo ukivuma hatuoni kitu, tunapotea. Vile vyako! Vimenyooka kama uzi. Tuliambiwa tufuate vitambaa, basi tukafuata. Siku moja tu tumemaliza." Alinipa mkono. "Goti hili lishone kama ulivyoshona vile."

Yule mzungu aliyeahidi alikuwa amehamishwa, na dereva hata jina lake hakulijua. Kambini kitambaa cheupe kilikuwa na maana moja: pita hapa.

Sikuweza kugeuka kumtazama Mwalimu. Nilisikia benchi linalia alipoinuka.

"Haya," akasema. Akaondoka.

Karanga hazikukubali. Udongo ulikauka ukawa kama sakafu, mvua zilikuja wakati zilipotaka zenyewe, na baada ya misimu michache wazungu wakaanza kufungasha. Matrekta mengine yaliachwa pale pale yakapata kutu, watoto wakayapanda. Palipokuwa njia yetu pameota nyasi, na nyasi hizo si zile za kijito nilizohangaika nazo. Kosmas aliruhusiwa kuchukua magogo akatengeneza madawati ya shule. Aliniambia anajua kila dawati lilisimama wapi, na kwamba hapendi kuingia darasani. Binti Saidi haji tena mjini Jumamosi. Hakuna aliyesema tuache. Hapakuwa na mahali pa kwenda.

Mimi ndimi ambaye sikupata mtihani. Najua ni jambo dogo mbele ya hayo yote, na naona aibu kwamba ndilo linaloniamsha. Kichwani mwangu ile njia imekamilika. Nimezijua hata zile nyasi, kwa kukumbuka. Ningeweza kumwongoza mtu hatua kwa hatua kutoka kwenye msolo hadi majini na kumjibu lolote, na haipo.

Mwalimu alihamia Ruangwa. Mwaka huu, wakati wa ufuta, nilipeleka huko mzigo wa nguo za wanafunzi, na nilipopita ghala la kununulia mazao nikamwona ameketi kando ya mizani, anapima magunia. Amekonda. Alikuwa amevaa kandambili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fundi." Alinitambua mara moja. "Siku hizi si mwalimu. Ni mtu wa mizani."

Alinikaribisha nikakaa kwenye gunia. Aliuliza habari za Binti Saidi, nikampa. Aliuliza habari za Kosmas, nikampa, lakini madawati sikuyataja. Watu walikuja na ufuta, akapima, wakaondoka. Palipotulia akasema, bila mimi kumwuliza:

"Vitambaa vyeupe kama vile nilikuwa naviona kila siku kambini. Juu ya vijiti vya wapimaji. Nilikuwa navipita nikienda kunywa chai."

Nikalishika pindo la gunia nililokalia.

"Siku ile nilitafsiri kila neno, Fundi. La kwake kwangu, la kwangu kwake. Hakuna neno lililopotea. Kitambaa ndicho nisichokitafsiri."

Nilitaka kumwambia kwamba vilionekana vizuri kwa sababu nilivinyoosha mimi. Nilitaka kumwambia hata yeye hakunituma kupiga pindo. Badala yake nilifanya jambo la kitoto. Nyuma ya ghala palikuwa na mtumbati mmoja, umebaki kwa bahati, matunda yake yenye miiba yananing'inia. Nikamwelekezea kidole.

"Nipe mtihani, Mwalimu. Niulize ule ni nini."

Hakugeuka kutazama. "Ule ni mti," akasema.

Nilidhani anatania. Nilingoja acheke, hakucheka. Alikuwa anafuta vumbi la ufuta kwenye mizani kwa kiganja.

"Mwalimu," nikasema, "umesema 'mti'. Rudi mwanzo."

Hapo akainua macho.

"Mwanzo uko wapi?"

Nikatazama barabara inayokwenda Nachingwea. Nikautafuta msolo kichwani, pale njia ilipoachana na barabara, nikapapita mara moja, nikapapita tena bila kuuona.

"Sijui, Mwalimu."

Mtu alikuwa amefika na gunia begani. Mwalimu akamsaidia kulitua, akaliweka sawa juu ya mizani.

"Haya," akasema.